Mafungu Matatu ya Komutan

Kina dada mnaosimama kwenye mageti na milango ya Doha, mmenisumbua kwenye kundi letu la simu niwaandikie kazi ilikuwaje enzi zetu. Nimewakwepa mara kadhaa nikisingizia kuku na macho. Sasa banda la kuku limekwisha kujengwa na miwani nimeletewa na binti yangu, kwa hiyo sina tena pa kujificha. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa vizuri sitaandika, maana hayo mnayajadili vya kutosha bila mimi. Nitaandika juu ya mtu aliyenifundisha kazi, na juu ya asubuhi moja ambayo hadi leo naiogopa.

Nilifika Doha nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimeshamzika mume wangu Mariakani, na nilikuwa nimelinda hoteli ya watalii pwani kwa muda mrefu kuliko walivyodumu mameneja wake. Nilijiona najua ulinzi. Ukinionyesha mtu akishuka kwenye teksi nilikuwa tayari kukwambia anatoka wapi, amegombana na nani na kama atalipa bili. Mara nyingi nilipatia, na hilo ndilo lililoniharibu.

Siku ya kwanza basi la kampuni lilitupeleka Al Wukair. Ninyi mnaijua Al Wukair ya nyumba za kifahari na maduka ya keki. Wakati ule ilikuwa mchanga, kuta ambazo hazijamalizwa, na uwanja wa mafunzo wa kampuni yetu ukiwa umezungushiwa ua wa matofali. Tulikuwa Wakenya, Waganda na Watanzania, wanaume kwa wanawake, tumevaa sare mpya zilizotukwaruza shingoni. Chini ya turubai alikaa mzee mwenye nywele nyeupe zilizonyolewa chini kabisa, shati limepigwa pasi hata mtu akaogopa kulisogelea. Mbele yake kulikuwa na mabirika mawili, moja limepandishwa juu ya jingine. Alitumiminia chai ya rangi katika vigilasi vidogo vilivyobanwa kiunoni, akatuonyesha kwa mkono tukae, kisha akanyamaza.

Tulikunywa. Tuliongea. Tulicheka sare zetu. Baada ya muda mrefu akauliza, "Tangu mmekaa, nini kimetokea hapa?"

Wambua, kijana wa Machakos aliyekaa mbele, akainua mkono upesi. "Kuna mwizi amepanda ukuta pale nyuma akatoka na nyaya za umeme. Nikadhani ni mtego wa training, sir."

Mimi nikamsahihisha kwa heshima zote. Nikasema si mwizi, ni fundi wa kampuni, ameagizwa kubadilisha nyaya mbovu.

Mzee akamgeukia mwanamke mwembamba wa Unguja aliyekuwa bado anapuliza chai yake. Huyo ndiye Asya, ambaye baadaye alikuwa rafiki yangu mkubwa kuliko wote Doha. "Na wewe?"

"Mie nimeona mtu kavaa ovaroli ya buluu," Asya akasema. "Kapanda ngazi, kashuka na waya mkononi, katokea mlango ule. Basi. Mengine sijui."

"Huyu peke yake ndiye aliyefanya kazi leo," mzee akasema. "Ninyi wengine mmekunywa chai yangu bure."

Ndivyo nilivyomjua Komutan. Neno hilo kwa Kituruki ni kamanda, na ndilo jina tulilomwita sote, hata wapishi. Jina lake lilikuwa Orhan, lakini sikumbuki mtu yeyote aliyelitumia mbele yake. Alikuwa amestaafu jeshi la kwao, kikosi cha vita maalumu, na kampuni ilimwajiri kutufundisha. Kiingereza chake kilikuwa na vitenzi vichache na ukali mwingi. Namwandika hapa kwa Kiswahili kama nilivyomwelewa.

Siku ileile akachukua vipande vya sukari, vile vya mraba, akavipanga mezani katika mafungu matatu. Hili ulichokiona kwa macho yako, akasema. Hili ulichoambiwa. Hili unachodhani. Mtu akimaliza zamu atampa mwenzake mafungu yote matatu, kwa mpangilio huo, na ole wake atakayetoa kipande cha fungu moja akakiweka katika jingine. Sisi tuliokulia karibu na soko tulielewa mara moja, maana muuza nyanya naye hachanganyi fungu la asubuhi na la jana. Tukayaita mafungu, naye akalipenda neno, akawa analitamka "mafungo" mpaka siku anaondoka.

Msifikiri alilidharau fungu la tatu. Mlinzi asiyedhani chochote, alisema, ni nguzo iliyovaa kofia. Lakini fungu hilo lilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ndiyo ninayotaka muishike kuliko yote nitakayoandika. Fungu la tatu humpi kila mtu anayeliomba. Unampa mtu atakayekwenda kulihakikisha. Anayelitaka ili akalitangaze, unamnyima, hata akiwa mkubwa wako.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Redio zilizokoroma, kurunzi, kile kifimbo cha kupekulia chuma, na kwa sisi wanawake, mifuko midogo ya kitambaa yenye namba. Hiyo mifuko wengine wenu hamkuikuta. Simu zenye kamera zilikuwa zimeanza kuenea, na familia za pale hazikutaka picha za wake na mabinti zao zitoke kwenye ukumbi wa harusi. Basi harusi ya wanawake ikifanyika hotelini, sisi tulisimama mlangoni, tukapekua mikoba, tukaweka kila simu katika mfuko wake, tukampa mwenyewe kibati chenye namba hiyohiyo. Kuna mabibi walioficha simu mahali ambapo sitapaandika. Asya aliwaambia, "Bibi, itie mwenyewe mfukoni, mie mkono wangu haufiki huko," nao wakacheka wakaitoa.

Katika harusi moja kama hiyo, mkufu wa bibi harusi ukapotea. Kabla hatujajua kinachoendelea, msichana wa kazi wa nyumba ile, Mkenya wa Busia, alikuwa ameshakalishwa chini jikoni, na mabibi watatu wanamwelekezea vidole. Wote walisema ni yeye. Nilimtazama, nikaona anavyotetemeka, na mimi pia, niwaambie kweli, nikadhani ni yeye. Lakini Komutan alikuwa nje barazani, maana wanaume hawaingii, na nilijua atauliza. Nikawaomba mabibi mmoja mmoja: wewe uliona nini? Wa kwanza alikuwa ameambiwa na wa pili. Wa pili alikuwa ameambiwa na wa tatu. Wa tatu alikuwa amemwona msichana karibu na chumba cha bibi harusi, akiwa amebeba chetezo cha udi. Basi fungu la kwanza lilikuwa na chetezo tu. Nikaenda kutoa taarifa nje. Komutan akasema, "Fuata chetezo." Tukakifuata, na mkufu ulikuwa ndani ya sanduku la udi, umewekwa humo na shangazi yake bibi harusi ili usipotee, kisha akasahau. Shangazi hakuomba radhi. Alimpa yule msichana chupa ya manukato, na msichana akaiacha jikoni akaondoka.

Komutan hakunisifu. Wakati wa kurudi aliniuliza tu, "Ulidhani ni yeye?" Nikasema ndiyo. "Ulimwambia nani?" Nikasema hakuna mtu. Akaitikia kwa kichwa na kuangalia dirishani.

Mambo ya jeshini hakuyazungumza. Wanaume walimchokoza sana, maana walitaka hadithi za kuruka na miamvuli, naye akawajibu kuwa kazi yake ilikuwa kupotea milimani na kurudi akiwa amechafuka. Alichechemea mguu wa kushoto. Tukauliza, akasema ni ngazi za nyumbani kwake. Mara moja tu aliniambia kitu. Tulikuwa tunaosha vigilasi. Akasema zamani, milimani, mtu wake alimletea habari kwamba ameona watu wenye bunduki wakivuka bonde. "Alikuwa ameona watu wenye fimbo," akasema. "Bunduki alidhani. Mimi sikuuliza ni fungu gani, kwa sababu wakati huo nilikuwa sijayagundua mafungu." Nilisubiri aendelee. Akapangusa kigilasi kilichokuwa kikavu tayari.

Sasa nifike kwenye ile Idi.

Siku za sikukuu uwanja wa Al Wukair ulikuwa mtupu. Komutan alikuwa na nyumba ndogo mlemle ndani ya ua, na getini tulikuwa mimi na Wambua. Asya alikuwa amekwenda kuswali. Asubuhi Komutan akaja getini amevaa koti, akasema vijana wawili watakuja kumsalimia, na tusiwaulize majina.

Nikamwambia, "Komutan, geti lisilouliza jina ni ukuta wenye tundu. Umesema wewe."

"Leo sikukuu, Mbeyu. Leo iwe tundu."

Wakaja. Wa kwanza alivaa suti ya kijivu, kiatu kinang'aa, ametoka safari; mkoba wake bado ulikuwa na karatasi ya ndege. Wa pili nilimfahamu kwa sura, alikuwa mwokaji katika mgahawa wa Kituruki pale Al Sadd ambapo Komutan alizoea kunywa chai, na jina lake Yasin. Hata sikukuu ile alikuwa na unga kwenye ukingo wa suruali. Komutan aliwapokea nje ya mlango wake, mbele ya macho yetu. Yule wa suti akainama, akaushika mkono wake wa kulia, akaubusu, akaupandisha akaugusisha kwenye paji la uso wake, vizuri, bila haraka. Yasin naye akaushika akaubusu, akabaki ameinama hivyohivyo. Kisha akauachia. Kwenye paji la uso hakuupeleka. Komutan akampa kila mmoja leso nyeupe iliyokunjwa, wakaingia ndani, mlango ukafungwa, wakakaa huko muda mrefu. Walipotoka Yasin alikuwa na macho mekundu na hakutuaga.

Wambua akanigusa bega. "Umecheki hiyo, sister? Hiyo ni kiapo. Kiapo tupu, na kitambaa wamepewa."

Nilicheka. Yeye jioni akaisimulia kambini wakati wa chakula, akaongeza viungo, watu wakafurahi. Juma lililofuata, katika hadithi yake, vile vitambaa vilikuwa na nembo, na vijana walipiga magoti.

Hatukuwa tumekaa sana, Asya na mimi tukaenda Al Sadd siku yetu ya mapumziko kununua mikate. Televisheni ya mgahawa ilikuwa juu ya kaunta, na ndani yake ilikuwa picha ya Komutan. Kijana, na bereti, mashavu yamejaa, lakini ni yeye. Lugha hatukuielewa. Tulielewa watu waliokuwa wakila. Siku zote akiingia Komutan, Waturuki wenzake hapo walisimama. Siku ile aliingia nyuma yetu, akasema salamu, na kila mmoja akainamia supu yake. Hakuna aliyesimama. Yasin peke yake alitoka kwenye tanuri akamletea chai, akaiweka, akarudi ndani bila kumtazama. Mimi nililiona hilo nikaliweka mahali.

Habari zikatufikia kwa vipande. Maafisa wa zamani wa vita maalumu walikuwa wakikamatwa nchini kwao, wakidaiwa kuunda kundi la siri la kupindua serikali na kuapishana. Jina la Komutan lilikuwa miongoni mwao. Ilisemekana mtu wa karibu naye ndiye aliyelitaja. Wateja wakaanza kuipigia kampuni simu, hawataki walinzi waliofundishwa na mpanga mapinduzi. Na kampuni ikasikia, kutoka kambini, kwamba Komutan aliwahi kuapisha vijana siku ya Idi ndani ya uwanja wa kampuni yenyewe.

Mnaona ilivyokuwa. Taarifa ya kampuni ikiandika neno kiapo, kibali chake kingefutwa, angepandishwa ndege akabidhiwe kwa serikali ya kwao, na kiapo hicho kingesomwa mahakamani kama ushahidi kutoka Doha. Na yeyote aliyekuwepo uani siku ile angemfuata. Mashahidi wa geti tulikuwa wawili tu.

Nilimtafuta Wambua kantini. Alikuwa ameshaitwa, anasubiri siku yake, na alikuwa ameanza kuvaa uso wa mtu muhimu.

"Utawaambia nini?" nikamuuliza.

"Kile niliona. Kiapo."

"Wambua, taja ulichoona. Kimoja kimoja."

"Aki Dada Mbeyu, si ulikuwa hapo? Mimi niliona kiapo na haya macho yangu. Ni kitu iko wazi."

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ameisimulia mpaka akaiona. Mara Asya, aliyekaa kando na bakuli lake la dengu, akasimama, akaja mbele yangu, akainama, akashika mkono wangu, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake.

"Shikamoo, mama yangu," akaniambia. Akamgeukia Wambua. "Haya, mie nimekula kiapo gani?"

Kantini nzima ikatutazama.

"Kwetu Unguja Idi watoto wanapita nyumba hadi nyumba kubusu mikono ya wazee. Mie babu yangu nimembusu mkono mpaka siku ya kufa kwake. Kama hicho kiapo, basi kisiwa kizima tungekuwa jela, na ufunguo asingepatikana wa kuushika."

Watu wakacheka. Wambua hakucheka. "Na kitambaa je?"

"Kitambaa sikijui," Asya akasema. "Na wewe hukijui. Ndo ukakitie fungu lake."

Baadaye niliambiwa kwamba wazee wa Kituruki wa zamani huwapa vijana leso siku ya Idi, kama wengine wanavyotoa peremende. Wakati ule hatukujua. Wambua aliusukuma mkate wake mbali, akaondoka.

Asubuhi ya zamu yangu ya kuhojiwa nilipita kwa Komutan. Alikuwa amekonda, lakini shati lilikuwa vilevile. Alinimiminia chai. Nilitaka aniombe kitu, mnaelewa, nilitaka aseme nisaidie. Hakuomba.

"Utasema uliyoona," akaniambia. "Yote."

"Hata kwamba hukutaka majina yaulizwe?"

"Hata tundu."

Meneja aliyetumwa kutuhoji alikuwa mtu mpole mwenye tai, pamoja na karani wa kuchapa. Alinipa maji. Akauliza kama niliona kiapo. Nikasema niliona vijana wawili, mmoja wa suti na mmoja mwenye unga kwenye suruali. Niliona wakibusu mkono. Niliona leso mbili. Niliona mlango ukifungwa. Sikusikia neno hata moja, na kiapo bila maneno mimi sijawahi kukiona. Nikasema pia kwamba Komutan alitukataza kuuliza majina. Karani alichapa hilo kwa bidii kuliko yote, na hakuna aliyeniuliza kama mmoja wao namjua. Nikaongeza niliyoambiwa, kwamba huko Unguja kubusu mkono ni salamu ya wazee, na kwamba niliambiwa na mwenzangu Asya, wakitaka wamuulize.

Meneja akatabasamu. Akasogeza kiti. "Wewe ni mtu wa macho. Huyo wa pili unamtaja kwa namna tofauti. Kuna kitu unadhani."

Nikasema ndiyo, ninadhani.

"Basi sema. Hapa ni mimi na wewe."

Karani alikuwepo, lakini inaonekana karani hahesabiwi. Nilikuwa ninadhani, tena sana. Nilikuwa nimemwona Yasin akishindwa kuupeleka mkono kwenye paji la uso, akitoka na macho mekundu, akimletea mzee chai bila kumtazama. Nilikuwa na hakika ndiye aliyemtaja Komutan kwa wapelelezi. Na nilijua yuko wapi saa ile: nyuma ya kaunta Al Sadd, amevaa aproni. Ningesema neno moja, jina lake tu, wangekuwa mlangoni kwake kabla ya mikate ya mchana kuiva. Ningemtoa Komutan mdomoni mwao nikawapa mwingine. Na mimi mwenyewe niliogopa. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha, na binti yangu alikuwa chuoni Mombasa.

"Bwana," nikasema, "sisi tumefundishwa fungu la kudhani tumpe mtu atakayekwenda kulihakikisha. Utakwenda wewe?"

"Mimi naandika taarifa tu."

"Basi nitakuachia mawili ya kwanza."

Hakupandisha sauti. Alinishukuru, na majira yote ya joto yaliyofuata nililinda maegesho ya magari yasiyo na hata kivuli cha nguzo. Nilipata rangi ambayo Mariakani hawakunitambua nayo.

Wambua aliingia baada yangu. Nilimsubiri nje. Alipotoka jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. "Nimewaambia nilisema kiapo, lakini niliona busu," akasema. "Wameniangalia vibaya." Nikampa mkono. Mpaka leo Wambua akiandika kwenye kundi letu vituko vyake, mvumilieni; siku ile alifanya jambo gumu.

Taarifa ilitoka bila neno kiapo. Kibali cha Komutan hakikufutwa. Mkataba wake haukuongezwa ulipokwisha, na hilo hatukulishangaa. Rafiki zake wachache walimtafutia kazi nyingine palepale Doha, angeweza kukaa akazeeka kwa amani akinywa chai yake. Akakata tiketi ya kwenda kwao.

Asya alimfokea kabisa. "Komutan, unakwenda kujitia mwenyewe jela? Kwa lipi?"

"Kuna watu wako ndani kwa sababu jina langu limeandikwa juu ya majina yao," akamjibu. "Siwezi kunywa chai hapa."

Tulimsindikiza uwanja wa ndege, ule wa zamani, mimi, Asya na Wambua. Alikuwa na sanduku moja. Aliwapa wenzangu mkono, kisha akanivuta kando.

"Mbeyu. Fungu la tatu. Kuhusu mimi."

Nikatazama sanduku lake.

"Mimi ndiye ninayekwenda kuhakikisha," akasema.

Basi nikampa. Nikamwambia nadhani hukufanya wanayosema. Na nadhani aliyekutaja ni Yasin, kwa sababu hakuupeleka mkono wako kwenye paji la uso. Komutan akafungua mdomo, akaufunga. Akaitikia kwa kichwa kama alivyokuwa akiitikia kila taarifa ya zamu, nzuri au mbaya. Kabla hajageuka, Asya akamjia akamshika mkono, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso. Wambua akamfuata akafanya vilevile, vibaya, akamgonga mzee kwa kofia. Mimi nililia waziwazi mbele ya abiria. Sioni haya kuliandika.

Miaka ikaenda. Al Wukair ikajaa majumba, uwanja wetu ukawa duka la samani. Nikaanza kufundisha mimi, wengi wenu mlipita mikononi mwangu, kwa vipande vya sukari na baadaye kwa vifuniko vya chupa, maana sukari mlikuwa mnaila. Yasin alitoweka Al Sadd muda mfupi baada ya Komutan kuondoka. Nilipouliza waliniambia amerudi kwao. Nikajisifu moyoni. Nikasema, amekimbia, nilijua.

Kisha siku moja, mchana, nikiwa kwenye mlango wa hoteli, simu yangu ikalia namba ndefu ya nje. Mwanamke, Kiingereza chake kina vitenzi vingi kuliko vya baba yake. Alikuwa binti wa Komutan.

"Baba ametoka gerezani," akasema. "Kesi imevunjika. Mahakama imesema karatasi walizoshtakiwa nazo zilikuwa za kutungwa. Ameniagiza nikupigie kabla hajalala. Anasema nikwambie, uliona vizuri, ulidhani vibaya."

Nikamwomba arudie. Akarudia, kisha akaeleza. Aliyemtaja Komutan alikuwa yule wa suti, aliyebusu mkono vizuri na kuupandisha vizuri. Alikuja Doha Idi ile kuleta habari kwamba kesi inaanza, na alikuwa ameshatoa jina tayari. Yasin alikuwa askari wa Komutan zamani. Aliisikia habari ya kesi garini njiani kuja kwetu, na alipoinama machozi yalikuwa yakimtoka. Aliona aibu kuupandisha mkono wa kamanda wake ukiwa umelowa. Alipoacha kazi Doha alimfuata Komutan kwao. Kila siku ya kutembelea wafungwa alisimama nje ya gereza na mikate. Ndani hairuhusiwi mikate, kwa hiyo aliwagawia wake na watoto wa wafungwa kwenye foleni.

"Baba alijua tangu uwanja wa ndege kwamba umekosea?" nikauliza.

"Alijua kwa nini Yasin alilia. Aliyemtaja hakumjua. Anasema ndiyo maana alikuja kuhakikisha."

Niliiweka simu mfukoni. Wageni walikuwa wanapita, nikawafungulia mlango. Nilikuwa nakiona kile kiti mbele ya meneja mpole, na lile neno moja lililokuwa tayari kwenye ulimi wangu, na mwokaji ndani ya aproni yake ambaye hakuwa na habari kwamba mwanamke wa Mariakani ameyashika maisha yake kinywani.

Nilifanya kazi miaka mingine baada ya hapo, nikaipanda hata treni mpya ya chini ya ardhi mara moja kabla sijarudi nyumbani, ili nisije nikasimuliwa. Komutan sasa hatembei sana; bintiye hunitumia picha za mabirika yake mawili. Kuhusu Yasin, nimeambiwa ana tanuri lake mwenyewe, na kwamba Idi anafunga mapema aende kwa mzee. Hilo naliweka fungu la pili, la niliyoambiwa, kwa kuwa ndilo lake. Kabla sijafa ningependa kulihamishia la kwanza.